Saa ya Kuku na Dawa ya Shija

Mama Kulwa,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali ya mwenzao, kisha wanaeleza ya kwao. Ya kwako naijua. Ya kwangu ingekuwa nafuu kama kabla ya kuondoka ungenikalisha chini ukanieleza mambo ya nyumba hii yanavyokwenda, badala ya kuniachia saa ya mezani, watoto watatu na sentensi moja.

Leo ni Jumapili. Watoto wamekwenda kwa jirani yako Mama Milembe kubangua karanga, nimebaki peke yangu mezani. Nakuandikia kwa sababu nimetafuta mtu wa kugombana naye nimekosa. Mama Milembe nikimpandishia sauti anacheka. Watoto nikiwapandishia wananyamaza, na wakinyamaza najisikia mbaya kuliko wangenijibu. Aliyekuwa akinijibu ni wewe. Basi kaa unisikilize, maana leo huwezi kunikatiza.

Nimekukasirikia. Nianze na hapo.

Unakumbuka siku ile Shinyanga mjini, tulipotoka hospitali na kuambiwa kwamba kuanguka kwa Shija ni kifafa, wala si degedege ya homa kama tulivyokuwa tukijidanganya. Daktari alisema nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, saa zile zile kila siku, na kwamba akifuata hivyo anaweza kukua kama watoto wengine. Mimi nilikuwa nawaza basi la kurudi Kahama. Wewe ukakataa kusogea kituoni mpaka tununue saa. Mwenye duka akatutolea saa nzuri, ya kawaida, yenye kengele juu. Ukaikataa. Ukataka ile yenye picha ya kuku anayedonoa, kila mshale unapopiga na yeye anainama. Nikakwambia kuku hasaidii kitu. Ukasema, "Baba Kulwa, mtoto akiipenda saa ataipenda na dawa." Nikalipa kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi.

Tukaja nayo. Ukaiweka juu ya kabati, ukaifunika kitambaa, ukapiga marufuku mtu kuigusa. Watoto wataivunja, ulisema. Ukawa unaifunua mwenyewe, unaitazama mwenyewe, unatia ufunguo mwenyewe, kisha unatangaza. "Kulwa, shuleni." "Doto, toa sufuria." "Shija, njoo unywe." Wanao walijua saa kwa sauti yako. Walijua pia lini wamwamkie mzee kwa mwangaluka ya asubuhi na lini kwa mwadila ya jioni, hawakukosea hata mara moja. Ila uso wa ile saa hawakuujua kabisa, na mimi sikujua kwamba hawaujui. Kwa nini hukuwafundisha, Mama Kulwa? Ulikuwa na muda. Ulihudhuria kisomo cha watu wazima ukajifunza kusoma na kuandika ukiwa na mapacha mgongoni na kifuani, ukashindwaje kuwafundisha mapacha hao hao mishale miwili?

Halafu tumbo likakushika. Kule wodini, walipokwisha kukuambia kwamba watakupasua, ulinishika mkono ukasema, "Shija asikose dawa." Hukusema lolote juu yako. Nikasema ndiyo. Ningekuuliza, kwa namna gani? Nani atampa nikiwa kazini? Sikuuliza, nilidhani nitakuuliza ukishatoka.

Tulikuzika mvua ikinyesha. Dada yako, Mama Sabina, alikuja kutoka Buseresere akakaa mpaka matanga yakaisha. Alipika, alifua, aliwaogesha watoto, sina la kumlaumu hapo. Lakini siku ya kutawanyika alisimama mbele ya wazee akasema kwamba mwanamume hawezi kulea mtoto mgonjwa. Mapacha wabaki kwa sababu ya shule, Shija aende naye, na huko kwao kuna mganga anayejua mizizi ya kifafa, hivyo vidonge vya kumlaza mtoto havina maana. Nikakataa. Akarudia. Nikakataa tena. Mwisho wazee wakaamua tungoje mpaka msimu wa pamba uishe. Kama Shija atakuwa bado anaanguka, Mama Sabina atakuja kumchukua. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa.

Na wewe unajua kazi yetu msimu ukianza. Kiwanda kinachambua pamba mchana na usiku, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na sisi wa mashine tunaingia kabla jua halijatoka na kutoka giza limekwisha kuingia. Dawa ya asubuhi na ya jioni zote zikawa za mapacha. Mama Milembe alikubali kushinda na Shija wao wakiwa shuleni, lakini saa haijui, na alisema mwenyewe kwamba vidonge hatavigusa, asije akaua mtoto wa watu.

Nikamwita Kulwa. Nikamwuliza, unajua kusoma saa? Akasema anajua. Nikamwuliza Doto. Akamtazama kwanza Kulwa, kisha akasema naye anajua. Watoto wa darasa la tatu, wanasoma vitabu, wanajumlisha mpaka mamia, ningekuwa na shaka gani? Nikawaambia dawa ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, nikaenda zangu kazini nikijiona nimepanga mambo kama mtu mwenye akili.

Haukupita mwezi Shija akaanza kuanguka tena. Mara ya kwanza uani, haikuwa neno. Mara ya pili aliangukia karibu na mafiga, mkono wake wa kushoto ukagusa kaa la moto. Mama Milembe ndiye aliyemvuta. Kidonda kimepona, limebaki kovu dogo karibu na kiwiko. Niliporudi jioni nikamkuta amelala, mkono umepakwa mafuta, na Doto ameketi kando yake anamfukuzia nzi. Nikahisi Mama Sabina anakuja barabarani na kapu lake.

Nilikwenda zahanati kuwagombeza kwamba vidonge vyao vimeoza. Nesi akaniuliza kwa utulivu tu, mtoto anakunywa saa ngapi? Nikamjibu kwa kiburi, saa moja na saa moja. Akasema nikaulize vizuri nyumbani.

Nikauliza. Nikamshusha kuku wako kabatini, nikamweka mezani, nikamwambia Kulwa anionyeshe saa moja. Akaweka kidole, hana wasiwasi hata kidogo, kwenye namba moja.

Unaelewa, Mama Kulwa? Alikuwa anangoja mshale mfupi ufike kwenye moja. Asubuhi alikuwa anautazama, anauona uko kwenye saba, anasema bado, anakwenda shuleni. Anarudi mchana, saa saba, jua la utosini, anaukuta umefika kwenye moja, anampa mdogo wake dawa. Nikamwuliza, na jioni? Akainamisha kichwa. Akasema, "Jioni nangoja, Baba, lakini haufiki mpaka tunalala. Nilidhani saa yetu inachelewa."

Mtoto wetu alikuwa ameketi kila jioni mbele ya ile saa, akiingoja saa moja iliyokwisha kupita. Sikujua nimpige au nimkumbatie. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye kishamba chetu cha mahindi, nikakutukana. Nisamehe. Ila ulistahili kidogo.

Basi nikaanza kufundisha. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mimi nasoma saa kama ninavyopiga chafya, sijawahi kujiuliza inatokeaje. Nikawakalisha mapacha mezani nikawaambia, mshale mfupi ukiwa kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Ukiwa kwenye nane, saa mbili. Kulwa akauliza kwa nini. Nikasema ndivyo ilivyo. Akauliza tena kwa nini waliandika saba kama ni moja. Nikajikaza, nikaeleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, lakini waliotengeneza saa wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo wao wanahesabu wakiwa wamelala?"

Nikamwambia anyamaze. Doto, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema mwalimu wa Kiingereza amewafundisha kwamba mshale ukiwa pale, Kiingereza chake ni saba. Kwa hiyo nani anasema kweli, mwalimu au Baba? Nikasema wote wawili. Walitazamana kwa namna ile yao, unaijua, wakiwa wameshahukumu bila kufungua mdomo.

Nikaruka, nikaenda kwenye dakika. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikawaambia mshale mrefu ukiwa kwenye tatu ni robo, ukiwa kwenye sita ni nusu. Kulwa akahesabu kwa vidole akitafuta namba nyingine, kwa sababu nilikwisha kumfanya aone namba hizi haziaminiki. Nikasema hapana, mrefu unasomwa pale pale ulipo. Akaweka kalamu chini. "Baba, kwa nini mshale mfupi unasema uongo na mrefu unasema kweli?"

Nikapiga meza. Kuku akaacha kudonoa. Shija akaanza kulia kwamba Baba ameua kuku. Jioni ile iliisha mimi nikiitikisa saa kama chupa ya dawa, watoto watatu wamenisimamia, mpaka kuku alipoinuka tena. Unaona ulichoniachia?

Kazini, mwenzangu mmoja wa kwenye mizani akaniambia ninajisumbua bure. Kwao walizungusha mshale wa saa wakauweka Kiswahili, saa moja inasoma moja, basi, hakuna kelele. Nikafanya hivyo. Siku chache tulikuwa na amani, nikajiona mjanja. Kisha Kulwa akatumwa na mwalimu mkuu kwenda kutazama saa ya ofisini, akarudi akatangaza mbele ya darasa kwamba ni saa tisa, na walikuwa hawajatoka hata mapumziko ya asubuhi. Walimcheka mpaka akarudi nyumbani analia kwa hasira. Akaniambia hataki tena saa ya uongo. Nikairudisha kama ilivyokuwa.

Na kama hiyo haitoshi, Shija alianza kumlisha kuku. Nilikuwa nikikuta punje za mtama zimepangwa mbele ya saa kila asubuhi. Nikaacha, nikasema mtoto anacheza. Siku moja akaona punje hazipungui, akaamua kuku ana kiu. Akatafuta mahali pa kumnywesha, akaona kile kitufe cha nyuma, akakizungusha. Kesho yake, mimi nikiwa nimelala kama gogo kwa uchovu, mapacha waliamka, wakaona wamechelewa, wakampa dawa gizani, wakakimbia shuleni gizani. Mlinzi wa shule aliwakuta wamekaa mlangoni wanatetemeka kwa baridi ya kiangazi, akawarudisha nyumbani kabla jogoo halisi hawajawika. Mama Milembe alicheka siku tatu. Mimi sikucheka. Nimeanza kucheka sasa hivi, naandika.

Yote haya yakitokea, msimu unakwisha. Milima ya pamba pale kiwandani ilikuwa inapungua kila wiki, wenzangu wanafurahi kwamba mapumziko yanakuja, wengine wameshapanga kwenda Geita kutafuta dhahabu. Mimi nilikuwa nazitazama zile robota za pamba zinavyopakiwa nikiona kila lori linamleta Mama Sabina karibu. Nilijipanga. Asubuhi nilikuwa namwamsha Shija kabla ya kuondoka nampa mwenyewe, mapema mno, na nesi akasema si vizuri hivyo, nafasi kati ya asubuhi na jioni inakuwa ndefu. Jioni ndiyo ilinishinda kabisa.

Ikaja Jumapili moja niliyokuwa na mapumziko. Nilikuwa nazoa majivu jikoni. Sijui nilipata wapi wazo, labda ni uchovu tu. Nikayamwaga uani nikachora duara kubwa kwa jembe, nikaokota mawe, Kulwa akayaandika namba kwa mkaa, tukayapanga. Nikamwambia Kulwa wewe ni mshale mrefu, Doto wewe mfupi. Shija akauliza yeye ni nani. Nikamwambia kaa katikati, wewe ni kuku.

Tukaanza. Doto akasimama kwenye jiwe la namba moja, Kulwa akakimbia duara zima, ndipo Doto aliporuhusiwa kusogea jiwe lifuatalo. Kulwa akakimbia tena. Raundi ya tatu akalalamika kwamba kazi yote anafanya yeye, Doto amesimama tu kama bibi harusi. Nikamwambia ndiyo saa hiyo. Shija katikati anadonoa, anadonoa, mdomo umejaa vumbi. Majirani wakaanza kusimama kando ya uzio. Aibu niliyoisikia, Mama Kulwa, mtu mzima wa mashine, napiga makofi watoto wazunguke kwenye majivu.

Doto akafika kwenye saba. Nikamwambia simama hapo, hiyo ni saa ngapi? Nikarudia, na sauti ikaanza kupanda. Alikuwa anamtazama Shija, anamwekea uso wa kumchekesha. Kisha uso wake ukabadilika. Akasema polepole, "Baba, nikimtazama Shija, nyuma yake kuna moja."

Nikasema eeh. Akasogea mwenyewe kwenye nane, akamtazama Shija. Nyuma ya Shija kulikuwa na mbili. Akasogea kwenye tisa. Hakuwa ananisikiliza tena. Alizunguka duara lote hivyo, kila jiwe anasimama, anatazama ng'ambo, anaitaja saa, na hakukosea hata moja. Kulwa akamfuata nyuma, naye akiangalia. Nikasimama pale na jembe mkononi. Miaka yote hii nasoma saa, sikuwahi kuona kwamba jina la saa limekaa upande wa pili, linatazamana na mshale.

"Basi si uongo," Kulwa akasema. "Inamwita wa mbele yake."

Kuanzia siku hiyo sikupumzika, lakini kwa njia nyingine. Walinisomea saa mpaka nikachoka. Nikiamka, saa. Nikila, saa. Nikitoka kazini Kulwa yuko mlangoni, hanipi shikamoo kwanza, ananiambia nimechelewa robo saa, niliahidi saa moja na nusu. Alijifunza kasoro akaipenda kuliko chakula. Ugali kasoro dakika kumi. Mvua kasoro robo. Nilimwambia afunge mdomo angalau wakati wa sala. Akafunga, lakini niliona macho yake yako kwenye saa. Tabia hiyo si ya ukoo wetu. Ni ya kwenu.

Kitambaa chako nilikitoa. Saa inakaa mezani, uso wazi. Nakuambia ujue.

Dada yako alikuja wiki ya mwisho ya msimu. Hakutuma habari. Na siku hiyo hiyo, kama vile mmepanga, mkanda wa mashine ulikatika mchana, robota za mwisho hazijafungwa, msimamizi akakataa mtu kutoka mpaka itengenezwe. Mtu mmoja wa malori akanipitishia neno, nyumbani kwako kuna mgeni kutoka Buseresere. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikashindwa hata kushika spana. Niliwaza tu nitakuta kitanda cha Shija hakina mtu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Milembe, na unajua anavyosimulia, lakini Doto naye aliyathibitisha. Mama Sabina alikuja na mizizi yake kwenye chupa, tayari imechemshwa. Jioni alipoona mapacha wametoa vidonge, aliwaambia waviache, leo Shija atakunywa dawa ya kwao, na atakunywa sasa hivi, ili alale mapema, kesho ana safari. Kulwa akaviweka mezani, ni mama yake mkubwa. Doto, yule Doto anayemtazama kwanza Kulwa kabla ya kujibu, akasimama kati ya Shija na ile chupa.

"Bado, Mama mkubwa," alisema. "Saa moja kasoro dakika tano."

Dada yako akamwambia, mtu mzima anasema, wewe unamsikiliza mshale? Doto hakumjibu kwa ukali, Mama Milembe aliapa. Alisema tu, "Mama alisema Shija asikose dawa," akabaki amesimama hapo hapo. Wote wakaketi wakaitazama saa. Mama Milembe anasema hajawahi kuona dakika tano ndefu namna ile, hata kwenye uchungu wa kuzaa. Ilipotimia, Kulwa alikata kidonge kwa kisu, nusu akairudisha kwenye chupa ya vidonge, Doto akamnywesha Shija na uji. Shija akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba kimekwenda, kama ulivyomzoesha. Mama Sabina alichukua ile chupa ya mizizi akaiweka chini ya kiti.

Nilifika nikihema. Nikamkuta Shija amelala mahali pake. Nilikaa pale kitandani muda mrefu kabla sijaenda kumsalimia mgeni. Dada yako alikuwa ameketi sebuleni, kanga begani, hajawasha hata koroboi. Akaniuliza, nani amewafundisha hawa? Nilitaka kusema mimi, nilikuwa na haki ya kusema mimi. Nikasema wamejifundisha.

Hakuondoka kesho yake. Alikaa, akimfuata Shija kwa macho kila aendako, uani, jikoni, kwa Mama Milembe. Alikuwa anangoja aanguke, nami nilikuwa nangoja vivyo hivyo. Hakuanguka. Siku ya mwisho, nikimsindikiza barabarani kungoja gari la Ushirombo, nikamwambia yale niliyokuwa nimeyaandaa tangu matanga, kwamba makubaliano ni makubaliano, mtoto hana neno, na asije tena na maneno ya waganga. Niliyasema kwa ukali. Nikategemea atanirudishia, kama ambavyo wewe ungenirudishia.

Akaanza kulia pale kando ya barabara. Akasema, "Shemeji, mimi sikutaka kukunyang'anya. Nilitaka nibaki na kitu cha mdogo wangu." Shija anacheka kama wewe, alisema. Mimi sikuwa nimeona. Nakaa naye kila siku, sikuwa nimeona.

Ukali wangu wote ukaniishia nikabaki na mikono tu. Nikamwambia likizo nitamletea wote watatu, wakae naye mpaka awachoke, ila vidonge vitakuja nao na Doto atakuwa msimamizi. Akajifuta macho kwa kanga. Akasema Doto atamsumbua. Nikasema ndiyo, atakusumbua sana. Gari lilipofika alikuwa anatabasamu kidogo.

Sasa hivi kiwanda kimefungwa, niko nyumbani mpaka msimu mwingine. Mvua za kwanza zimenyesha, tumepanda. Na kuna jambo moja lazima nikuambie, ndilo hasa lililonikalisha mezani.

Juzi watoto wa jirani walikuja na ndoo zao kumwita Shija kwenda kisimani. Wewe hukumruhusu hata mara moja. Ulisema akianguka majini tumempoteza, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Alikuja mbele yangu ameshika kopo lake dogo la rangi, hakuomba, alinitazama tu. Wenzake wameshaanza kuondoka. Nilikuwa na maneno yako yote mdomoni. Nikamwambia nenda, shikana mkono na Kulwa, usiiname kisimani, atakuchotea yeye.

Nilisimama mwanzo wa njia wakati wote huo. Sikurudi ndani, sikushika kazi yoyote. Nilikuwa nimekukasirikia tena, safari hii kwa sababu hukuwepo kuniambia kama nimefanya vizuri au nimefanya ujinga. Kisha nikawaona wanapanda kutoka bondeni, mstari mrefu wa ndoo, na wa mwisho kabisa ni Shija, kopo kichwani, maji yanamwagikia usoni, amelowa chapachapa, anaimba.

Leo sina la kuongeza. Lala, Mama Kulwa. Nakuahidi dawa hataikosa, na shule ataanza mwakani, na huko Buseresere nitawapeleka kama nilivyosema. Kukukasirikia nitaacha, lakini si sasa. Na watoto ndio hao wanaingia, nawasikia langoni, ngoja nikabandike maji motoni.

Mimi,
Baba Kulwa